Jina Lililosomwa Kwenye Hitima

Jumapili, 9 Juni. Kumekucha na mawingu mazito, kusi linapuliza baridi, na kwenye saa mbili asubuhi manyunyu yakaanza. Mvua ya mwezi wa sita haina rafiki huku kwetu. Ufuta wetu uko Kilangala, umekatwa, umefungwa matita, na matita yamesimamishwa yakiegemeana vichwa juu mpaka maganda yakauke na kufunguka. Ukilowa katika hali hiyo mbegu zinaingia weusi, na mnunuzi akizitia kiganjani tu anajua. Nilisimama mlangoni hapa Mitwero nikaitazama mbingu ya upande wa Kilangala, kama vile kutazama kwangu kungeweza kuzuia kitu.

Aliyeupanda ufuta huo ni mume wangu. Aliupanda mwezi wa pili, kwa mistari, kwa kuvuta kamba, maana kabla ya kuwa mkulima alikuwa mpima ardhi na hakuweza kuvumilia kitu kilichopandwa ovyo. Sasa hayupo. Yuko kwao, kisiwani, upande wa Ngazija, kwenye kisiwa ambacho mpaka leo kinatawaliwa na Wazungu kutoka Ulaya. Yuko mahabusu anangoja kesi ya rushwa, na serikali yetu ndiyo iliyomrudisha. Nataka kuandika jinsi ilivyokuwa bila kumpendelea yeye na bila kumsingizia mtu. Sina hakika kama nitaweza. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mambo ya mahakamani niliyaelewa kwa jinsi wakili alivyonieleza, kwa hiyo nikikosea mahali kosa ni langu, si lake.

Alipokuja Lindi alikuja na jina lisilo lake. Mjini walimwita Mngazija, na yeye hakubisha ingawa si Mngazija hasa. Alianza kwa kutengeneza mashine za boti, halafu akakodi shamba Kilangala. Kabla ya kuleta posa aliniambia, "Kwetu natafutwa. Ukiona hilo ni zito, sema sasa." Sikusema kitu. Wala sikuuliza anatafutwa kwa nini. Nilijiambia kuwa ni siasa, maana alikuwa mtu wa kupandwa na damu ukitaja kisiwa chao. Mtu akimuuliza, "Nyinyi mko chini ya nani?" anajibu, "Kisiwa chetu ni nchi. Bendera tu ndiyo si yetu." Akishasema hivyo basi, hataki maneno mengine.

Siku ya ndoa yetu, ilipofika mahali pa kutaja jina la baba yake, alimsogelea sheikh akamnong'oneza sikioni. Watu walidhani ndiyo desturi ya kwao. Mama yangu, ambaye ni Mmatumbi wa Kipatimu na hapendi mambo ya kunong'onezana, alisema jikoni, "Haya, mwanangu ameolewa na mtoto wa siri." Wanawake wakacheka, mimi pia nikacheka. Mama ndiye ninayeishi naye, miguu yake imechoka na milima ya kwao, akaja kukaa nasi. Alimpenda mkwewe. Alimwita baba, akamheshimu, akawa hali naye sahani moja, lakini masihara yake yote aliyapitisha kwangu ili yeye ayasikie ng'ambo ya ukuta.

Mwaka huu, ufuta ulipokuwa ndiyo kwanza unachipua, dada yake alipiga simu. Baba yao amefariki, na wamekwisha kumzika. Mume wangu alikuwa anaosha jembe. Aliendelea kuliosha mpaka nikaona haya kumtazama, maana lilikuwa limekwisha kutakata. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye maji.

Mama akasema, "Hakuweza kumzika, basi amsomee. Tufanye hitima hapa." Ndivyo tunavyofanya. Msiba ukiwa mbali, unatandika mikeka kwako, watu wanakusanyika, wanasoma, wanamwombea maiti kwa jina lake na jina la baba yake, wanakula, wanaondoka. Jina ni lazima kwa desturi yetu. Tukamwita mwalimu wa madrasa ya mtaani. Wanaume walikaa mbele, wanawake uani, na mwalimu akaja na kipaza sauti ili na sisi wa nyuma tuitikie. Akaja pia baharia mmoja wa kisiwani kwao, meli yake ilikuwa bandarini Mtwara. Alisikia kuna mtu wa kule amefiwa na baba, akapanda basi kuja kumpa pole. Mtu wa namna hiyo huwezi kumzuia mlangoni, na hakuna aliyetaka kumzuia.

Nilikuwa kwenye sufuria la pilau nilipomsikia mwalimu akiuliza, "Marehemu tumtaje nani bin nani?"

Mama akaninong'oneza, "Si aseme tu 'baba yangu', basi. Mungu hana haja ya kuambiwa."

Nami nilidhani atasema hivyo. Lakini akataja. Alitaja jina la baba yake, na la babu yake, na la babu wa babu, na mji waliotoka, na mwalimu akayarudia yote kwenye kipaza sauti, yakasikika mpaka barabarani. Lilikuwa jina refu, zuri. Miaka yote tuliyokaa pamoja nilikuwa sijalisikia. Nilisimama na mwiko mkononi nikawa najisikia kama mtu anayeoneshwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakujua kama kipo.

Baada ya kula, yule baharia alimkumbatia mume wangu huku machozi yanamtoka. "Kumbe uko huku," alimwambia. "Mzee wako nilimjua. Wewe kule wanakutafuta, ndugu yangu."

Alisema kwa furaha, na nataka hilo liandikwe. Sijui kama ni yeye aliyetoa habari. Inawezekana alifika kwao akasimulia tu kwamba mtoto wa fulani yuko Lindi na amemsomea baba yake hitima nzuri, na maneno yakafika yalikofika. Inawezekana si yeye kabisa. Sikumwona tena, wala sina ushahidi.

Tulipokuwa tunakunja mikeka nilimuuliza mume wangu kwa nini hakunyamaza. Alisema, "Nilimkimbia akiwa hai. Nimkimbie na akiwa maiti?"

Polisi walikuja wakati wa palizi, shambani Kilangala. Nilikuwa nimempelekea chakula. Hakupigwa, hakutukanwa. Mmoja wao alimsalimia shikamoo kabla ya kumwambia kuwa yuko chini ya ulinzi, na walimngoja anawe mikono na miguu. Chakula nilirudi nacho.

Niliporuhusiwa kumwona nilimuuliza kile nilichopaswa kumuuliza kabla ya posa. Hakuzunguka.

"Nilipokea," alisema.

"Ulipokea nini?"

"Bahasha. Na safari ya Ulaya. Na friji."

Sijui kwa nini friji ndilo lililoniuma. Labda kwa sababu bahasha siwezi kuiona, lakini friji naliona, limesimama kwenye nyumba ya watu na maji baridi ndani. Alinieleza kuwa kampuni ya hoteli ilitaka ufukwe, na ufukwe ulikuwa viwanja vya watu, na yeye ndiye aliyepita na kamba na kuandika kuwa mpaka uko mahali ambapo haupo. Mkubwa wake, Mzungu, alipokea zaidi. Huyo alihamishwa akarudi kwao Ulaya, na hatafutwi na mtu. Nilimwambia hiyo si haki. Akasema, "Si haki, kweli. Lakini kamba niliivuta mimi."

Tulipata wakili wa msaada, msichana wa Mtwara, mpole, ananiita dada. Alinikalisha kwenye benchi nje ya mahakama akanifafanulia sheria ya kurejesha watuhumiwa, na ninaiandika kama nilivyoishika. Hakimu wa huku haulizi kama mtu ameiba au hakuiba. Hilo litaulizwa kule. Huku anauliza kama huyu ndiye mtu wanayemtaka, kama kosa wanalolisema lingekuwa kosa na kwetu pia, na kama ombi limekuja kwa njia inayotakiwa.

"Kwamba ndiye, hatuwezi kubisha," alisema. "Na rushwa ni kosa kila mahali. Lakini ombi lao nimelisoma. Limetiwa saini na gavana wa kisiwa, na sisi hatuna mkataba na kisiwa. Kama upo, basi ni na ile nchi ya Ulaya inayokitawala. Kisiwa si nchi, dada. Hapo ndipo tutakapoponea."

Nilifurahi. Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama, na jirani yetu naye akaja kusikia. Jirani huyu ni Mmakonde, Mkristo, na yeye na Mama wanataniana tangu asubuhi mpaka magharibi. Alisema, "Sasa mtani, mkweo amepata mlango. Atoke haraka kabla hajaanza kuupima."

Mama akasema, "Mpimaji wa watu ni wewe, unayekuja kuchungulia sufuria yangu."

Tulicheka siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu akamatwe Kilangala.

Lakini yeye nilipomwambia hakucheka. Aliuliza, "Niseme kwetu si nchi?"

"Si wewe utakayesema. Wakili ndiye atakayesema."

"Atasema kwa kinywa changu. Nitoke kwa sababu kwetu si kitu, ni mali ya watu?"

"Utoke kwa sababu yoyote," nilimwambia. "Wewe unatafuta nchi, mimi natafuta mume."

Askari aligeuza uso, akajifanya anatazama dirishani. Nashukuru kwa hilo. Mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa sawa. Nikiwa peke yangu naona nilikuwa sawa mimi. Nikianza kuandika, naona ni yeye.

Siku ya kesi Mama alivaa kanga mpya na jirani akafunga genge lake la mboga akaja nasi. Hakimu alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, mvumilivu. Wakili wetu alizungumza vizuri, hata mimi nilimfuata. Alisema kisiwa hakina mamlaka ya kuomba mtu kutoka kwetu, kwa kuwa kisiwa hicho si nchi, na alirudia hivyo mara kadhaa kwa sababu ndiyo iliyokuwa hoja yake. Kila aliporudia nilimtazama mume wangu kizimbani. Alikuwa kama mtu anayesikiliza ndugu yake akitukanwa na hawezi kuinuka kwa kuwa anayetukana anamfanyia hisani. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema hoja ina uzito kidogo, akaomba muda ili ombi liletwe upya na ile nchi ya Ulaya yenyewe. Nilisikia nyuma yangu jirani akivuta pumzi. Tulikuwa tunashinda, au angalau tulikuwa tunapata muda, na mimi muda ulinitosha.

Mume wangu akanyanyua mkono.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba nirudi. Kwa hiari yangu."

Hakimu alimtaka aongee kwanza na wakili wake. Wakatoka, wakarudi. Wakili alikuwa amekunja uso, si kwa hasira, kwa huzuni nadhani. Hakimu akamuuliza kama ametishwa, kama ameahidiwa kitu, kama anaelewa kuwa akikubali hapa hakuna wa kumrudisha nyuma. Akasema anaelewa.

"Kaburi la baba yangu liko kule, sijaliona," alisema. "Na wenye viwanja wako kule. Huku nina mke na shamba la ufuta. Mke wangu hana kosa na mimi, naomba hilo nalo liandikwe."

Sijui kama liliandikwa. Alinitazama, na mimi nilitazama feni. Ilikuwa haizunguki. Mama alisema jambo kwa Kimatumbi ambalo sitaliweka hapa, kwa kuwa aliliombea radhi mwenyewe baadaye, akiwa kwenye swala.

Karatasi zilikwenda kwa waziri zikarudi, na mwezi wa tano akapelekwa Dar es Salaam, kutoka huko wakampandisha ndege. Sikuruhusiwa kumsindikiza zaidi ya geti. Nilimpa kanzu na kifurushi cha kashata za ufuta. Ofisa alizifungua kashata moja moja kuzikagua, halafu akazifunga tena vizuri kuliko nilivyozifunga mimi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa ajabu hata kwangu mwenyewe. Kamba yake bado imetundikwa msumarini, nyuma ya mlango. Nikipita naigusa, si kila mara, lakini zaidi ya inavyotakiwa. Ufuta ulipokomaa watu wa Kilangala walikuwa wanasimama njiani wanauliza ni shamba la nani limenyooka namna ile. Nawaambia ni letu. Siku nyingine nasema aliniacha. Siku nyingine nasema hakuniacha, alikwenda kulipa. Nimejaribu kuchagua moja nimeshindwa, kwa hiyo naandika yote mawili.

Leo manyunyu yalikatika karibu na saa nne. Nikachukua bodaboda, jirani akachukua nyingine, tukaenda Kilangala. Mama alitaka kuja tukamkatalia. Ufuta haukuwa na hali mbaya kama nilivyoogopa. Matita ya nje yalikuwa yamelowa, ya ndani makavu, na mengine maganda yalikuwa yamekwisha kufunguka. Tukatandika turubai. Unalibeba tita likiwa wima kama unavyombeba mtoto mchanga, kwa kuwa ukiliinamisha njiani mbegu zinamwagika chini, na ukifika kwenye turubai ndipo unalipindua ghafla na kulipigapiga mgongoni. Mbegu zinashuka kwa sauti kama ya mvua ndogo. Jirani alisema, "Mumeo angekuwepo angetwambia tuzimwage kwa mstari."

Ndipo simu ikaita. Namba ngeni, ndefu. Nilijua kabla ya kupokea.

"Jana walinipeleka kaburini," alisema. Sauti ilikuwa inakuja na kukatika. "Askari alivua kofia. Nimemsomea. Amelala pazuri, chini ya mlangilangi, maua yake yananukia."

Nikasema alhamdulillahi. Nilikuwa nimefurahi kwa ajili yake, kweli, na papo hapo nililionea wivu kaburi. Yote mawili tena.

"Na kesi?"

"Imesogezwa mbele. Lakini wenye viwanja walikuja kuniona. Mmoja hakunisalimu. Mwingine alinisalimu, huyo ndiye aliyeniumiza." Akageuza maneno. "Ufuta vipi?"

"Umepata manyunyu asubuhi."

"Msiutikise wenye maji."

"Tumetikisa uliokauka tu."

"Kweli?"

"Kwa sehemu kubwa," nilisema, na jirani akageuka akacheka kwa kujifunika kanga.

Yeye naye alicheka. Nilikuwa nimesahau kuwa anacheka kwa kuanza na kikohozi. Halafu akauliza, polepole, kwa namna ya mtu anayejua hana haki ya kuuliza, "Unaningoja?"

Nilikuwa na tita mikononi, sikuweza kuliweka chini wala kulipindua. Ningesema ndiyo. Ndilo neno lililokuwepo. Nikasema, "Nangoja ufuta ukauke."

"Basi ufuta unachukua siku," alisema. Na simu ikakatika, sijui kama muda wake uliisha au mtandao. Nilingoja ipigwe tena mpaka jirani akanipokea lile tita. Nadhani mume wangu alinielewa. Lakini kudhani si kujua, na hiyo namba nikiipiga haipokelewi.

Tulirudi na magunia machache, tukayamwaga kwenye mikeka sebuleni ili yakauke kwa hewa. Nyumba nzima inanukia.

Jioni nilipika kisamvu kwa nazi na samaki mkavu, kama wanavyopika kwao, na ugali wa muhogo. Jirani alibaki akala nasi. Mama alionja, akaniuliza mbona hakina pilipili. Nikamwambia nimesahau.

"Umesahau tangu mwezi wa tano?" alisema. Mume wangu hali pilipili. Chupa ya pilipili ilikuwa pale kwenye kabati, mkono wa Mama unafika. Aliitazama, akamega ugali, akala chote hivyo hivyo bila kuigusa.